Karatasi ya Siku ya Kwanza: Maelekezo ya Kuanza Buprenofini Nyumbani, Jinja na Mbale

Buprenofini ni dawa ya uraibu wa heroini inayomtaka mgonjwa augue kwanza ndipo aitumie. Mtumiaji wa heroini akiiweka chini ya ulimi mapema, kabla arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa heroini, haijamshika, dawa ileile iliyokuja kumtuliza humtupa kwenye maumivu makali kuliko aliyowahi kuyapata akikosa heroini. Akingoja hadi mwili uanze kudai, hupata nafuu ndani ya saa moja au mbili. Kidonge ni kilekile na dozi ni ileile. Kilichobadilika ni wakati. Mgonjwa akiwa nyumbani, mbali na muuguzi, kinachomlinda wakati huo ni maelekezo aliyotoka nayo kliniki, yaliyo kichwani mwake na kwenye karatasi mfukoni.

Kwa hiyo karatasi hiyo tusiihesabu kuwa nyongeza ya tiba. Ni sehemu ya dozi. Ikiandikwa vibaya, dawa yenyewe inaharibika, na mtu aliyejaribu mara moja akaumizwa harudi kirahisi, tena huwaonya wenzake kijiweni. Mashariki mwa Uganda, ambako umbali na nauli huamua nani atibiwe, jinsi ya kuiandika karatasi hii ni suala la uhai.

Kwa nini nyumbani

Shirika la Afya Duniani liliingiza buprenofini na methadoni, dawa nyingine ya uraibu huohuo, katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005. Tanzania ilianza kutoa methadoni katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili Februari 2011, Kenya ikafuata mwaka 2014, na Uganda ikafungua huduma yake katika Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Butabika, Kampala, mwaka 2020, ikiwa na dawa zote mbili. Mfumo uliozoeleka kote ni wa dirishani: mgonjwa hufika kila siku, hunywa au huweka dawa mdomoni mbele ya mtoa huduma, kisha huondoka.

Kwa methadoni mfumo huo una sababu nzito. Methadoni hujilimbikiza mwilini taratibu, na katika wiki mbili za mwanzo dozi iliyopandishwa haraka inaweza kusimamisha pumzi. Buprenofini ina kikomo: ukifika kiwango fulani, kuongeza vidonge hakuzidishi sana kupunguza upumuaji. Ndiyo maana inaweza kukabidhiwa mtu aende nayo kwake. Ufaransa iliwaruhusu madaktari wa kawaida kuiandika tangu 1996, na kati ya 1995 na 1999 vifo vya kuzidisha dozi nchini humo vilipungua kwa asilimia 79. Mwaka 2009, madaktari wa Hospitali ya Bellevue, New York, walichapisha taarifa ya wagonjwa 103 walioanza dawa hii majumbani kwa kufuata karatasi ya maelekezo na kupewa namba ya simu, na wengi wao walivuka wiki ya kwanza salama. Kufikia 2020, mwongozo wa jumuiya ya Marekani ya tiba ya uraibu ulikuwa unakubali kuanza nyumbani kuwa njia salama sawa na kuanza kliniki.

Sasa tazama ramani. Kutoka Jinja hadi Kampala ni takriban kilomita 80. Kutoka Mbale, kwa barabara ya Tirinyi, ni zaidi ya kilomita 200. Hata huduma ikisogezwa hadi hospitali za rufaa za mikoa za miji hii miwili, mtu wa Mayuge, wa Namutumba au wa miteremko ya Bududa, ambako mvua hukata njia, bado atakuwa na safari. Kumwambia mtu huyo afike kliniki akiwa katikati ya arosto, akitapika na kuharisha, akae nusu siku kwenye benchi, ni kumwomba apande teksi katika hali ambayo hata kusimama ni shida. Wengi watatuliza arosto kwanza kwa heroini ili waweze kusafiri, kisha watafika wakiwa hawafai tena kuanza siku hiyo. Kuanza nyumbani kunaliondoa fundo hilo.

Wasiwasi kwamba Mganda wa kawaida hawezi kukabidhiwa dawa ya jamii ya afyuni nyumbani umekwisha kujibiwa na historia ya nchi yenyewe. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Dkt. Anne Merriman, ilijenga utaratibu wa wagonjwa wa saratani na Ukimwi kunywa mofini ya maji majumbani mwao, na rangi ya maji hayo huonyesha nguvu yake. Mwaka 2004 wauguzi na maafisa tabibu waliosomea huduma shufaa waliruhusiwa kuiandika. Miaka miwili kabla, serikali ilikuwa imeanza kugawa Homapak, dawa ya malaria iliyofungashwa tayari kwa ajili ya watoto: pakiti nyekundu kwa wa miezi miwili hadi miaka miwili, ya kijani kwa wa miaka miwili hadi mitano, zikigawiwa na wanakijiji wenyewe. Katika mipango yote miwili, kazi ya kukumbuka ilihamishwa kutoka kichwani mwa mgonjwa ikawekwa kwenye chombo anachokishika.

Jambo moja la kuelezwa

Karatasi nyingi za hospitali huanza na somo: dawa ni nini, imetengenezwaje, ina madhara gani. Mtu mwenye arosto hasomi somo. Anahitaji kujua kwa nini asubiri, kwa sababu kusubiri ndiko kugumu, na sababu hiyo inaweza kusemwa kwa sentensi chache. Heroini hukaa kwenye viti fulani vya ubongo. Buprenofini inavipenda viti hivyo kuliko heroini. Ikiingia, humwondoa aliyekaa na kukaa yenyewe, ila uzito wake ni mdogo. Viti vikiwa vimejaa heroini, kuondolewa kwa ghafla ndiko kunakoleta arosto ya kishindo. Vikiwa vimeshaachwa wazi, buprenofini huvijaza na mwili hutulia.

Mgonjwa aliyeelewa hivyo haihitaji karatasi imtishe. Anajua kwamba anapongoja huku pua inamtiririka anafanya kazi ya tiba, na kwamba kila dalili inayokuja inamsogeza karibu na kidonge. Maelezo mengine yote yaingie kwenye karatasi ikiwa tu yanajibu swali la tendo: nifanye nini sasa?

Kuhesabu saa

Kwa heroini ya kuvuta au kujidunga, muda wa kungoja kwa kawaida ni kati ya saa 12 na 24 tangu mara ya mwisho. Hapa ndipo maelekezo yaliyonakiliwa kutoka Ulaya au Marekani yanapoweza kudhuru. Ukiandika "subiri saa 12", msomaji wa Kiswahili ana haki kabisa ya kuelewa kwamba angoje hadi saa kumi na mbili, yaani machweo. Aliyevuta saa nane mchana atajiona amengoja vya kutosha baada ya saa nne tu. Waganda wanaozungumza Kisoga au Kiganda nao huhesabu saa kuanzia mapambazuko, ilhali muuguzi huandika kwenye kadi kwa hesabu ya Kiingereza, ambamo saa mbili asubuhi ni 8:00. Mtu mmoja anaweza kukutana na hesabu hizo mbili kwenye karatasi moja.

Suluhisho liko kwenye saa yenyewe. Baada ya saa kumi na mbili, mshale hurudi kwenye namba ileile. Basi karatasi iseme: "Ukitumia mara ya mwisho saa tatu usiku, usiguse kidonge kabla ya saa tatu asubuhi. Saa tatu ikifika na mwili bado umetulia, endelea kungoja." Pembeni pachorwe mwezi, kisha jua, na nafasi ambamo muuguzi ataandika saa ya mgonjwa huyu, si ya wagonjwa wote.

Mpangilio huo wa usiku na asubuhi una faida nyingine. Sehemu kubwa ya kungoja hupita usiku, na kidonge cha kwanza huangukia muda ambao muuguzi yuko kazini na anaweza kupokea simu mchana kutwa. Kwa sababu hiyohiyo, kuanza Jumatatu hadi Jumatano ni bora kuliko Ijumaa.

Dalili, na malaria

Saa peke yake haitoshi, kwa kuwa miili hutofautiana na unga wa mtaani haujulikani nguvu yake. Kipimo cha kweli ni dalili. Madaktari wana jedwali lenye vipengele 11 na alama hadi 48, lakini jedwali hilo ni la mtu anayempima mwenzake. Mgonjwa aliye peke yake anahitaji orodha fupi ya vitu anavyoweza kuviona au kuvihisi: miayo isiyoisha, machozi na kamasi, vipele vya baridi, jasho, maumivu ya viungo, tumbo kukata, kutotulia. Karatasi imwambie aanze akiwa na kadhaa kati ya hizo kwa pamoja. Hamu peke yake haitoshi, wala woga.

Mashariki mwa Uganda orodha hiyo ina mtego. Baridi, jasho, viungo kuuma na kutapika ndivyo malaria inavyoanza, na kila mama wa Busoga au Bugisu anavijua. Mgonjwa anaweza kudhani arosto ni malaria akakimbilia vidonge vingine, au kibaya zaidi, kudhani malaria ni arosto akakaa nayo siku tatu. Arosto kwa kawaida haileti homa kali. Maelekezo yaseme wazi: mwili ukiwa wa moto, pima malaria, na mwambie unayempigia simu. Na kwa kuwa kuharisha na kutapika hukausha mwili, pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji ifungwe pamoja na dawa tangu mwanzo.

Vidonge, si miligramu

Mwongozo wa daktari husema dozi ya kwanza iwe miligramu 2 hadi 4. Kwa mgonjwa, namba hiyo ni hesabu ya bure. Vidonge huja vya miligramu 2 na vya 8. Nne ni viwili vya kwanza au nusu ya cha pili. Anayekosea hapo hukosea mara mbili au mara nne. Kliniki itoe aina moja tu kwa siku za mwanzo, ikiwezekana kwenye vifuko vidogo vilivyoandikwa "cha kwanza", "cha pili", "cha kesho", na karatasi itaje vifuko hivyo kwa majina hayohayo. Funzo la Homapak ni hilo: mwenye ujuzi ahesabu kabla, ili mgonjwa asihesabu akiwa anatetemeka.

Namna ya kutumia nayo ielezwe kwa mpangilio wa matendo. Kunywa maji kidogo ulainishe mdomo. Weka kidonge chini ya ulimi. Usikimeze, usikitafune, usinywe wala usivute sigara, usizungumze sana, mpaka kiyeyuke chote. Huchukua dakika 5 hadi 10 au zaidi. Kidonge kilichomezwa hufika tumboni na sehemu kubwa ya nguvu yake hupotea, na mgonjwa hudhani dawa haifai. Kikishayeyuka, sukutua kwa maji umeze, na ngoja saa moja kabla ya kupiga mswaki: tangu Januari 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani imeonya kwamba dawa hii huweza kuharibu meno.

Kisha yafuate maswali mawili yenye njia mbili kila moja. Umepata nafuu baada ya saa moja hadi tatu? Ndiyo: acha hapo kwa leo. Hapana: fungua kifuko cha pili. Umezidiwa ghafla muda mfupi baada ya kidonge cha kwanza? Hiyo ndiyo arosto ya kishindo. Usikimbilie heroini, piga simu. Hali hiyo huumiza sana lakini huweza kutibiwa, mara nyingi kwa kuongeza buprenofini yenyewe kwa uangalizi, na kulijua hilo mapema humzuia mtu asikate tamaa. Kwa kawaida siku ya kwanza huishia kwenye miligramu 8 hivi, na siku ya pili daktari huamua kama dozi ipande. Uamuzi huo uandikwe na daktari kwenye karatasi, usiachwe ukisiwe na mgonjwa.

Hatari za kweli

Orodha ndefu ya hatari huficha ile moja inayoua. Karatasi itaje chache, kwa herufi kubwa. Pombe, waragi ikiwemo, na vidonge vya usingizi kama diazepamu, vikiunganishwa na buprenofini, vinaweza kuzima pumzi. Mtoto akimeza kidonge kimoja anaweza kufa, na katika chumba kimoja cha kupanga, ambamo familia nzima hulala, "weka mbali na watoto" haina maana mpaka mgonjwa atajiwe mahali: bati lenye kufuli, juu ya kabati. Anayeacha dawa na kurudia kipimo chake cha zamani cha heroini yuko hatarini kuliko wakati wowote, kwa sababu mwili umesahau kuistahimili. Mtu wa nyumbani afundishwe kutambua asiyeamka na anayepumua kwa kukoroma, na pale naloksoni, dawa ya kumrudishia pumzi aliyezidisha dozi, inapopatikana, apewe na aonyeshwe kuitumia.

Wapo pia wasiopaswa kuanza nyumbani peke yao, na karatasi isiwafikie bila mpango wa pekee: wanaotoka kwenye methadoni, ambao hungoja siku moja hadi tatu au zaidi, wajawazito, ambao wanahitaji tiba hii lakini kwa uangalizi wa karibu, wanywaji wazito wa pombe, na walio kwenye tiba ya kifua kikuu, kwa kuwa rifampisini hupunguza kiasi cha buprenofini mwilini. Katika nchi ambayo kifua kikuu na VVU huambatana na uraibu wa sindano, swali la dawa za kifua kikuu liulizwe kila mara.

Lugha, picha na sauti

Karatasi ya Kiingereza pekee haitafika Namatala, Mbale, wala kwenye maegesho ya malori Jinja. Kisoga na Kimasaba ndizo lugha za nyumbani. Kiganda kinaeleweka na wengi. Kiswahili, lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya 2005, ndicho kinachowaunganisha madereva wa barabara ya Mombasa na Malaba, wafanyabiashara wa mpakani, askari na Wanubi. Toleo la Kiswahili ni la lazima, ila lisichukue nafasi ya lugha ya mama. Na ingawa neno "arosto" linaeleweka mara moja Malindi au Temeke, neno la kuitaja hali hiyo kwenye karatasi lichaguliwe na watumiaji wa Jinja na Mbale wenyewe, kwa maana wao ndio watakaolitumia saa tisa usiku kumweleza musawo, yaani mhudumu wa afya, hali yao.

Kwa wasiosoma, picha husaidia zikiwa zimechorwa na kujaribiwa hapohapo. Ros Dowse na Martina Ehlers wa Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, walionyesha tangu 2001 kwamba picha zilizobuniwa pamoja na wenyeji zilieleweka vizuri kuliko zilizoagizwa kutoka Marekani, na kwamba lebo zenye maneno na picha pamoja ziliwasaidia wagonjwa kufuata dawa. Kipimo cha kimataifa cha ISO hutaka picha ieleweke na angalau asilimia 67 ya watu. Kile cha Marekani hutaka 85. Kwa dawa ambayo kosa la saa chache linaumiza hivi, tuchukue cha juu.

Karatasi isimame pamoja na sauti. Mgonjwa asiye na salio hawezi kupiga, lakini anaweza kubipu. Kliniki ikitenga simu moja ambayo muuguzi hurudisha kila bipu kwa muda aliouahidi, imetatua nusu ya tatizo. Bila hiyo, "piga simu ukizidiwa" ni ahadi tupu, na wagonjwa hawa wameshaahidiwa mengi.

Siri

Nchini Uganda karatasi yenye neno heroini inaweza kumgharimu mtu makazi au uhuru. Sheria ya dawa za kulevya ya 2015 ilibatilishwa na Mahakama ya Katiba Mei 2023 kwa sababu akidi ya Bunge haikuthibitishwa wakati wa kuipitisha, lakini Bunge liliipitisha upya mwaka huohuo. Askari anayemkuta kijana na vidonge asivyovijua hatasoma maelezo ya kitabibu. Kwa hiyo mgonjwa apewe vitu viwili tofauti: karatasi ya maelekezo yenye kichwa kama "Dawa ya chini ya ulimi", isiyotaja jina wala ugonjwa, na barua fupi ya hospitali yenye muhuri, inayothibitisha kwamba dawa ni yake kihalali. Ya kwanza ikae mezani, ya pili ikae mfukoni.

Wengine wanahofia kwamba vidonge vitauzwa. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, na ina majibu ya kawaida: kutoa vya siku chache tu mwanzoni, kutumia vidonge vilivyochanganywa na naloksoni ambavyo havifai kudungwa, na kumtaka mgonjwa arudi siku ya tatu. Haihalalishi kuwafungia mlango wote wanaoishi mbali.

Kujaribu kabla ya kuchapa

Mtihani wa karatasi si swali la "umeelewa?", kwa kuwa kila mgonjwa hujibu ndiyo kwa heshima. Mpe mkasa: "Umevuta saa nne asubuhi. Sasa ni saa kumi jioni, unapiga miayo na pua inatoka. Unafanya nini?" Anayejibu kwamba ataweka kidonge ameonyesha kosa la karatasi, si lake, na sentensi husika iandikwe upya. Mkasa wa pili uhusu kidonge kilichomezwa kwa bahati mbaya, wa tatu homa, wa nne rafiki aliyelala asiamke. Wajaribiwe watu waliowahi kupita arosto, wasiosoma wakiwemo, na walipwe kwa muda wao kama wataalamu wengine.

Wizara ya Afya itoe kiini kimoja cha kitabibu: muda wa kungoja, dozi, hatari, na nani asianze nyumbani. Hospitali za rufaa za Jinja na Mbale zipewe ruhusa ya kukiweka katika lugha, saa na picha za watu wao, wakishirikiana na timu za afya za vijiji na waliowahi kutumia. Mafanikio yasihesabiwe kwa idadi ya nakala zilizogawiwa. Yahesabiwe kwa walioanza wangapi wangali kwenye dawa siku ya saba, na kwa wale ambao hawapo, ni sentensi gani iliyowaangusha. Kliniki itakayouliza hivyo kila mwezi na kurekebisha karatasi yake itakuwa inatibu hata siku ambazo mgonjwa hayuko mbele yake.